Kuomba Kazi Niliyokuwa Nayo

Barua pepe ilisema kampuni inajipanga upya, na kwamba sisi sote wa idara ya programu tutatakiwa kuomba nafasi zetu upya. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya tangi la maji, maana nyumbani kwetu Mbooni hapo ndipo mtandao hushika vizuri. Nikaisoma tena nikidhani sijaelewa. Halafu nikampigia bosi wangu aliyekuwa Nairobi.

"Nafasi zetu ndizo hizi tulizo nazo?" nikamuuliza.

"Ndiyo hizo."

"Kwa hivyo naomba kazi ninayoifanya sasa hivi?"

"Ni utaratibu tu," akasema. "Kila mtu atafanya intavyu. Hata mimi. Wewe usiwe na wasiwasi, nani mwingine anaujua huo mfumo?"

Kampuni yetu ni kubwa. Inauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo katika nchi kadhaa, na ina maduka ya mawakala hadi sehemu ambazo lori lake hufika kwa taabu. Mimi ndiye niliyeandika programu ambayo maduka hayo hutumia kwenye simu. Mwenye duka akiuza dawa ya minyoo ya mbuzi, anaingiza kwenye simu, simu inapunguza stoki, na makao makuu yanaona dawa inakaribia kuisha na kumpelekea nyingine. Kusema hivyo ni rahisi. Ugumu wote ulikuwa mtandao. Ukishaipita Kitui mjini ukielekea Mutomo, kuna maduka yanayoweza kushinda bila mtandao kutwa nzima, na mvua ikinyesha ni zaidi ya hapo. Kwa hivyo niliiandika programu iuze kwanza, iulize baadaye. Simu inayahifadhi mauzo yote ndani yake, na mtandao ukirudi inayatuma makao makuu yakalinganishwe huko. Ikitokea simu mbili za duka moja zimeuza chupa moja ile ile kwa bahati mbaya, mfumo haumzuii mtu. Unaweka alama tu, na mwenye duka anarekebisha akipata nafasi.

Sikuyatoa hayo kichwani. Nilikaa sana katika maduka ya agroveti ya Tulia na Mutomo, nimeketi juu ya gunia la chakula cha kuku, nikiangalia jinsi watu wanavyonunua. Mtu ametembea na mbuzi wake mgonjwa tangu alfajiri, na hawezi kuambiwa subiri kidogo Nairobi ijibu.

Nilikuwa nimerudi Mbooni kwa sababu ya Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Alikuwa amepata kiharusi chepesi. Ndugu zangu walikaa, wakazungumza, wakakubaliana kwamba mwenye kazi inayoweza kufanywa popote ni mimi. Sikubishana nao. Nilitaka kurudi, na kampuni wakati huo ilikuwa inajisifu kwamba wafanyakazi wake wanaweza kufanya kazi popote. Nikaweka meza katika chumba nilimolala nilipokuwa msichana, nikaizoea baridi ya vilima, na kazi ikaendelea vizuri tu. Mpaka ilipokuja ile barua pepe.

Mahojiano ya kwanza hayakuwa na mtu. Unafungua ukurasa, unaona uso wako kwenye skrini, na sauti ya mwanamke asiyekuwepo inakuuliza maswali kwa Kiingereza. Unajibu, na maneno yako yanajiandika chini ya uso wako unapozungumza. Nilikuwa nimevaa blauzi ya kanisani na nimefunga mlango.

Sasa, sisi Wakamba tukitamka herufi d, mara nyingi kuna n ndogo inayotangulia bila kualikwa. Nimeishi nayo. Shule ya upili walinicheka kwa ajili yake, chuo kikuu wakanicheka, kazini wakazoea. Ile mashine haikuwa imezoea. Kila nilipoitaja database, yaani hifadhidata, mashine ilishika ile base tu, na kwenye skrini yakatokea maneno kuhusu kambi ya jeshi. Nikaanza kuzungumza polepole, nikitafuta maneno yasiyo na d. Jaribu kueleza kazi ya mhandisi wa programu bila d. Nilijikuta nikiacha kufikiria jawabu na kufikiria ulimi wangu, na macho yangu yanafuata ile mistari ya upuuzi inayojiandika chini, na sauti ile inasema asante, sasa swali linalofuata.

Nilipotoka, Mwaitu alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya mlango.

"Ulikuwa unaongea na nani? Mbona yeye hakuongea sana?"

"Ni mashine, Mwaitu."

"Inakuelewa?"

"Sidhani."

Akafikiri kidogo. "Sasa ungeongea nayo Kikamba."

Matokeo yalikuja yakisema nimevuka kwenda hatua ya pili, ila uwezo wangu wa mawasiliano unahitaji kuboreshwa. Nikampigia bosi kumweleza habari ya kambi ya jeshi. Alicheka, na mimi sikucheka, akaacha. Akasema hayo maoni hayawezi kufutwa, yanabaki kwenye faili langu, lakini hatua inayofuata ina watu halisi.

Jumapili iliyofuata Mwaitu aliomba kanisa liniombee. Sikujua kama atafanya hivyo. Mchungaji alinisimamisha, akina mama wakanyoosha mikono, na maombi yalikuwa marefu na ya moto. Niliguswa, siwezi kukataa. Taabu ilikuja baadaye, kwa sababu kutoka siku hiyo kila mtu aliniuliza. Mama mmoja wa kanisani, ambaye huuza maavokado karibu na steji ya boda boda, hakuwahi kuniacha nipite.

"Umeshapata?"

"Bado, mama."

"Lakini si nilisikia una kazi?"

"Ninayo."

"Sasa tunakuombea nini?"

"Nipate hiyo kazi."

"Ile uliyo nayo?"

"Ile niliyo nayo."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa ambaye hajaelewa ugonjwa wake, akaniongezea avokado moja. Nilipanda mlima na hasira zangu na avokado langu. Hakuna kitu kinachochosha kama kulazimika kutetea upuuzi ambao si wako.

Kwa hatua ya pili mtandao wa kando ya tangi haungetosha, kwa kuwa watu watatu wangekuwa wakinitazama kwa video nikiandika programu mbele yao. Nikateremka hadi mji wa Wote, nikachukua chumba katika hoteli ndogo yenye intaneti ya waya, nikaomba dada wa mapokezi wazime muziki wa uani kwa muda. Alikubali. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki kadhaa, nikifanya mafumbo ambayo sikuwahi kuyahitaji kazini hata siku moja: jinsi ya kugeuza mti wa data juu chini, jinsi ya kutafuta njia fupi katika mji wa kuwaziwa. Nilihisi niko tayari. Niliketi mapema, nikafungua laptopu, nikanywa maji.

Simu ikalia. Alikuwa wakala wetu wa Mutomo.

Mwanamke huyu alikuja Mutomo kutoka Garissa na mumewe, mfanyabiashara wa mifugo, na duka lake la agroveti liko karibu na soko la mbuzi. Yeye ndiye wakala wa kwanza kuijaribu programu yangu ilipokuwa bado inaanguka anguka, na Kiswahili chake kinanipita mbali. Hakuwa mtu wa kunipigia bila sababu.

"Dada, simu zimekataa," akasema. "Nikibonyeza kuuza, inazunguka tu. Zote mbili."

"Mtandao upo?"

"Mtandao unakuja unakwenda, kama siku zote. Lakini siku zote huwa inauza. Leo ni siku ya soko, hapa nje watu wamejaa. Kuna mzee ana mbuzi wanaoharisha, ananiambia, dawa naiona hapo kwenye rafu, mbona huniuzii? Nimjibu nini?"

"Muuzie tu, uandike kwenye karatasi, utaingiza baadaye."

"Nyinyi wenyewe mlitutumia ujumbe kwamba tukiuza nje ya simu duka linafungiwa."

Ni kweli tulikuwa tumetuma. Haikuwa idara yangu, lakini kwa mtu wa Mutomo sisi sote ni nyinyi.

Nikafungua mfumo upande wa nyuma, ule wa sisi watengenezaji, nikaona. Siku iliyotangulia, timu ya nchi nyingine ilikuwa imeingiza mabadiliko katika programu yangu. Sasa kabla ya kuuza chochote, simu ilitakiwa kuuliza makao makuu kama bidhaa hiyo ipo, na kungoja jibu. Mtu aliyekaa mahali penye mtandao wa kudumu alikuwa ameona ile njia yangu ya kuuza kwanza, akadhani ni kosa lililosahauliwa, akalirekebisha. Hakuuliza mtu.

Kuyaondoa mabadiliko hayo kulikuwa kazi ndogo, ila kanuni ilitaka mtu wa pili aidhinishe. Nikampigia bosi. Simu imezimwa, naye alikuwa kwenye intavyu yake. Nikaandika kwenye kundi la timu. Kimya. Wenzangu wote walikuwa wakijiandaa, au wakihojiwa, au wakijificha. Wakati wa mahojiano yangu ukafika. Niliandika ujumbe kwa waliopanga, nikieleza kwamba kuna dharura, nikiomba wanisogezee mbele kidogo. Jibu lilirudi papo hapo, la mashine, likinitakia kila la heri.

Mwishowe nilimpata mwenzangu mmoja aliyekuwa amekubali kuondoka kampuni na hakuwa na cha kupoteza. Akaidhinisha. Nikatazama mauzo ya Mutomo yakianza kumiminika, kisha ya Tulia, kisha mengine. Wakala akapiga.

"Zimefunguka. Mungu akubariki, dada. Mzee ameshapata dawa yake, ameenda zake."

Nilimshukuru, nikafungua ukurasa wa mahojiano. Chumba kilikuwa kimefungwa. Kulikuwa na mstari mmoja unaosema mwombaji hakuhudhuria.

Nje, uani, muziki ulikuwa bado umezimwa kwa ajili yangu. Nilikwenda mapokezi nikamwambia dada yule kwamba anaweza kuuwasha. Akaniuliza kama imeenda vizuri. Nikasema ndiyo.

Jioni bosi alinipigia, amechangamka kwa sababu intavyu yake ilikuwa imeenda vyema.

"Ungefanya intavyu kwanza," akasema, nilipomaliza kueleza.

"Na Mutomo?"

"Mutomo ingengoja."

"Ungekuwa wewe, ungeiacha ingoje?"

"Mimi nilikuwa kwenye intavyu," akasema, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anajibu tu swali.

Alipigania nipewe nafasi nyingine, nami nampa haki yake kwa hilo. Ilichukua barua pepe nyingi na watu wengi niliowaeleza kisa kile kile, kila mmoja akinishukuru kwa kujitolea kwangu kisha akinipeleka kwa mwingine. Hatimaye nikarudi Wote, hoteli ile ile. Safari hii nilizima simu. Nilijisikia vibaya kuizima, na nilijisikia vibaya kwa kujisikia vibaya.

Safari hii alikuwa mtu mmoja tu, mwanamume mpole wa makao makuu, nyuma yake kuna rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa rangi. Fumbo la kwanza nililimaliza. Kuandika programu mtu akikutazama kila herufi ni kama kula mtu akikutazama mdomo, lakini nililimaliza na akasema vizuri. Kisha akasoma swali la pili.

Akasema, tuseme kuna kampuni yenye maduka mengi vijijini, mahali penye mtandao hafifu. Buni mfumo wa kuuza bidhaa na kuhesabu stoki.

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, naye alikuwa ananingojea kwa adabu.

"Huu mfumo upo," nikasema. "Ni wetu. Mimi ndiye niliyeuandika."

"Vizuri," akasema. "Lakini tafadhali ujibu kana kwamba unaanza upya."

Basi nikajibu. Nilimweleza yote: uza kwanza, hifadhi ndani ya simu, tuma mtandao ukirudi, linganisha, weka alama penye mgongano, usimzuie mtu. Nilichora. Nilizungumza kwa raha kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, hata ile n yangu sikuijali. Alipokuwa anaandika niliona ameanza kukunja uso.

"Sasa hapa wauzaji wawili wanaweza kuuza bidhaa moja."

"Wanaweza. Hutokea mara chache, na hurekebishwa."

"Lakini hilo ni kosa. Hutaki kuifunga bidhaa kwanza makao makuu, mwingine asiiguse, kabla ya kuuza?"

"Ukifunga makao makuu na mtandao haupo, duka haliuzi."

"Litangoja."

"Haliwezi kungoja. Wiki chache zilizopita mabadiliko kama hayo yaliingizwa, na maduka yakasimama siku ya soko. Naweza kukuonyesha."

"Tusiingie katika matukio maalumu," akasema kwa upole. "Nataka kuona unavyofikiri. Njia hii ni ya kuvutia, lakini katika mazingira halisi isingefanya kazi."

Kuna maneno mengi niliyoyafikiria baadaye, nikiwa ndani ya basi, nikiwa nafua, nikiwa namwogesha Mwaitu. Mazuri, makali, yaliyonyooka. Siku ile nilisema, "Naelewa." Halafu nikaanza kumchorea mfumo aliotaka, ule wa kufunga kwanza, kwa sababu nilihitaji kazi. Lakini muda ulikuwa umekwenda, na nilikuwa nauchora bila moyo, nikakwama mahali ambapo nisingekwama kama ningekuwa nauamini. Akanishukuru. Akauliza kama nina swali lolote kwake.

Nikasema sina.

Matokeo bosi alinisomea mwenyewe kwa simu. Nilikuwa nimesimama kando ya tangi. Sikupata nafasi yangu. Kampuni inathamini mchango wangu na inanipa nafasi ya ngazi ya chini katika timu ile ile, majukumu yale yale, na mtu mwingine ataajiriwa kutoka nje kuongoza mfumo.

"Wamesema sababu?"

"Unataka niisome?"

"Isome."

"Wameandika hivi: mwombaji ana juhudi, lakini hana uzoefu wa kutosha wa mifumo ya mahali pasipo na mtandao."

Baada ya hapo mtandao ukakatika. Nilisimama pale na simu sikioni, na sikuipiga tena.

Mwaitu alikuwa jikoni, akichambua maharagwe kwa mkono mmoja. Nikaketi kando yake, nikachukua sehemu yangu. Kisha akauliza.

"Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza."

"Wamekupa kazi?"

"Wamenipa ile ile. Ila chini kidogo."

"Chini ya nani?"

"Ya mtu ambaye hawajampata bado."

Alitupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharagwe. "Hiyo si akili," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini kazi ipo. Jumapili tutawaambia umepata."

"Mwaitu, usiwaambie kitu."

Aliwaambia. Alisimama mwenyewe, akiegemea kiti cha mbele, akatoa ushuhuda kwamba maombi yamejibiwa, mwanawe amepata kazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama kanisani tangu augue, na watu walipiga makofi kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na nikalazimika kusimama pia na kutabasamu. Yule mama wa maavokado alinikumbatia mlangoni hadi nikakosa pumzi. Alikuwa na furaha ya kweli. Nilifika nyumbani nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikalia kwa mto usoni ili Mwaitu asisikie.

Niliipokea ile nafasi. Sikutaka, lakini kliniki ya Mwaitu inapitia kwenye bima ya kampuni, na kazi nyingine nilizoziangalia zote zilitaka mtu akae Nairobi. Ndugu zangu walisema niwe mtulivu. Ni rahisi kumwambia mtu mwingine awe mtulivu.

Mkuu mpya alikuja baadaye, kijana kunizidi, amefanya kazi katika kampuni kubwa za nje. Nilikuwa nimemchukia kabla sijaona uso wake. Katika mkutano wetu wa kwanza alituonyesha mipango yake, na juu kabisa kulikuwa na jambo lile lile: mauzo yote yathibitishwe kwanza na makao makuu. Wenzangu walinyamaza, maana kila mmoja ndiyo kwanza ameipata nafasi yake. Mimi nikasema, "Kabla ya kuandika hilo, twende Mutomo."

Nilitegemea akatae. Akasema, "Lini?"

Tulikutana Kitui mjini, tukaenda na gari la kampuni. Njiani aliniuliza maswali na nilimjibu kwa neno moja moja. Tulipofika, wakala wetu alitukaribisha nyuma ya kaunta, akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi, akaendelea na wateja wake. Mkuu alikuwa na simu yenye toleo la majaribio, lile linaloomba ruhusa kwanza. Akaomba ajaribu kuuza. Mteja alikuwa mama aliyetaka dawa ya kupe. Mkuu akabonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Mama akangoja. Mkuu akaitoa simu nje ya mlango, akainyanyua, akarudi. Kiduara kinazunguka. Nyuma ya yule mama foleni ilianza kujikunja, mtu akauliza kuna shida gani. Wakala alimtazama mkuu, akanitazama mimi, akampa mama ile dawa na kuiuza kwenye simu yake mwenyewe, akamwita anayefuata. Mkuu aliketi kwenye gunia, akanywa chai yake yote.

Tulikuwa tumerudi nusu ya njia aliposema, "Hili swali waliniuliza kwenye intavyu."

"La maduka ya vijijini?"

"Ndiyo. Nilikuwa nimetazama video za kujiandaa, na jibu lake liko huko, la kufunga kwanza. Nikawapa hilo. Wakafurahi." Alisema bila kujitetea. "Sikuwahi kufikiria kama kuna mahali watu wanauza hivi. Wewe ulijibu nini?"

"Nilijibu ulivyoona pale dukani."

Dereva aliongeza sauti ya redio kidogo. Nilitaka sana kuendelea kumchukia, ningekuwa na mahali pa kuiweka hasira yangu, lakini hakunisaidia. Hakuwa mjinga wala mbaya. Alikuwa amejibu mtihani kama mtihani ulivyotaka, na mimi nilikuwa nimejibu kama Mutomo inavyotaka, na waliosahihisha hawajawahi kufika huko.

Aliuondoa ule mpango. Aliwaandikia makao makuu akataja kwamba mfumo uliopo ni sahihi na kwamba mimi ndiye niliyeuandika, na kuomba nirudishwe ngazi yangu. Alinipigia kunipa jibu nikiwa na Mwaitu kliniki, tumeketi kwenye benchi tukingoja zamu.

"Wamekubali kuhusu mfumo," akasema. "Kuhusu ngazi wamesema nafasi zikitangazwa tena unakaribishwa kuomba. Utaanzia mwanzo."

"Kwenye mashine?"

"Ndiyo. Samahani."

Nilimwambia si kosa lake, na nilimaanisha. Mwaitu aliuliza ni nani, nikasema ni watu wa kazini, akasema niwasalimie.

Nafasi zilipotangazwa sikuomba. Watu hudhani ni kiburi, pengine ni kiburi. Niko bado Mbooni, bado naandika programu ile, maduka ya Mutomo na Tulia bado yanauza mtandao ukiwepo na usipokuwepo. Mkuu huniuliza kabla ya kubadilisha jambo, na vikaoni husema waziwazi kwamba jibu ni langu. Hilo ni jema. Halitoshi. Kuna siku niko katikati ya kazi na ile sentensi inarudi, ile ya uzoefu usiotosha, nami naacha kila kitu, natoka nje, nazunguka shamba kwenye vijia vile vya mteremko mpaka miguu inaniuma. Kisha narudi, naosha matope, naketi, na kumalizia nilichokuwa naandika.